Jinsi Nilivyoigundua Filamu ya Kotile

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Habari kubwa ofisini. Tamasha la filamu za kale linakuja Garissa. Si filamu za kale za kawaida. Hizi zilipotea, zikapatikana stoo na darini, zikasafishwa, zikakarabatiwa, na sasa zinazungushwa nchini ili watu wazione upya. Zitaonyeshwa Ijumaa hadi Jumapili katika ukumbi wa jamii.

Mkurugenzi wetu wa utamaduni, Bwana Abdilatif, aligawa kazi. Mueni atasimama jukwaani kueleza kila filamu kabla haijaanza. Mimi, Hesbon, nitashughulikia viti. Viti na vitambaa vyeusi vya madirishani, kwa sababu maonyesho ni ya mchana na ukumbi lazima uwe na giza.

Nikauliza kwa heshima kama hapajatokea kosa. Bwana Abdilatif akasema hapana, na kwamba viti ni jambo kubwa, maana bila viti watu watasimama.

Mueni na mimi tuliletwa Garissa mwaka mmoja. Yeye kutoka Makueni, mimi Webuye. Yeye sasa anabishania bei ya nyama kwa Kisomali na wauzaji wanacheka naye. Mimi najua kuitikia salamu. Meza yake iko chini ya feni. Yangu iko karibu na feni, upande ambao upepo haufiki.

Lakini kabla ya mkutano kufungwa, Bwana Abdilatif alitaja jambo moja kama utani. Mgeni atakayeleta filamu, bwana anayeitwa Keinan, anatafuta nusu ya filamu moja iliyopigwa huku kwetu zamani, kuhusu chanjo ya ng'ombe. Nusu ya kwanza ilipatikana katika sinema iliyofungwa huko Nakuru na imeshakarabatiwa. Nusu ya pili haijulikani iliko. Atakayeipata, filamu ikikamilika, ataalikwa kuisindikiza kwenye tamasha kubwa ng'ambo.

Wenzangu walicheka, wakatoka kwenda chai. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeipata! Yaani, najua iliko, na hiyo ni karibu sawa.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda kunywa chai kwa Hani, hotelini kwake karibu na Soko Mugdi. Bibi yake, Ayeyo Fatumo, hukaa mlangoni kwenye mkeka na tasbihi yake. Sote wateja tunamwita Ayeyo, nyanya. Nikaanza kuzungumzia sinema za zamani kwa sauti ya mtu asiye na haja. Ayeyo akainua kichwa.

"Ile gari ya sinema ya serikali," akasema, "dereva yake ilikuwa bwana yangu. Alio."

Nikaiweka chai chini.

Akanieleza yote. Yeye ni mtu wa Kotile. Alipokuwa msichana, gari la sinema lilifika kwao na watu wa kamera, wakawa wanapiga picha ng'ombe wakidungwa sindano. Dereva aliomba maziwa. Akanywa, akaomba tena. Siku zote walizokaa Kotile alikuwa na kiu. Mvua zilizofuata wakaoana.

Miaka mingi baadaye ofisi ya Alio ilifungwa, na amri ikatoka kwamba mikanda ya zamani ichomwe. Alio akachoma. Lakini mikebe ya Kotile akaificha hukohuko Kotile kwa Aweys, ndugu yake Ayeyo, na iko huko mpaka leo. Nikamuuliza kwa nini aliificha hiyo.

"Alisema mimi niko ndani. Atanichomaje?"

Kisha akasema kwamba yeye hana hamu ya kujiona. Anachotaka ni kumwona Alio. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba, hata ile ya kitambulisho. "Saa hii sura yake inakuja nusu," akasema. "Macho inakuja. Mdomo haiji."

Sikuweza kumaliza mahamri yangu. Nikaapa kimoyomoyo kwamba mikebe hiyo itafika Garissa. Nikaapa pia kwamba haitaletwa na mtu mwingine ila mimi.

Ayeyo aliondoka kwenda kutawadha. Palepale Mueni akaingia, akavuta kiti, akaniuliza mbona nina uso wa mtu aliyeokota kitu. Nikasema tulikuwa tunazungumzia mikebe fulani ya filamu. Haya maneno yalitoka yenyewe. Akauliza iko wapi. Nikaanza kukoroga chai. Nikasema Hulugho.

Sijui kwa nini Hulugho. Ni mbali, iko karibu na mpaka, barabara ni mbovu. Nilifikiri hakuna mtu atakayejisumbua.

Jumatano, 5 Novemba

Nilifika kazini mapema kuomba ruhusa. Mpango ulikuwa jino. Ningesema jino linaniuma, nipewe siku mbili, nitafute gari la kwenda Kotile, nirudi na mikebe nikiwa shujaa. Niliingia kwa Bwana Abdilatif mkono ukiwa tayari shavuni.

Akasimama kunipa mkono. Nikalazimika kuutoa shavuni.

Mueni alikuwa amemwambia kila kitu. Kwamba Hesbon, kwa juhudi zake mwenyewe, amegundua nusu ya filamu iliyopotea, na kwamba iko Hulugho. Alinisifu mno, alisema Bwana Abdilatif. Gari la ofisi lilikuwa limewekwa mafuta. Hati ya safari ilikuwa imepigwa muhuri. Diriye, dereva, alikuwa nje.

Nikasema jino linaniuma sana. Bwana Abdilatif akasikitika kwa dhati. Akasema basi nina bahati, Hulugho kuna mzee hodari wa meno, naye atampigia simu.

Njiani nilijaribu. Tulipofika mahali njia zinapoachana nikamwambia Diriye kwamba Kotile nako nasikia ni kuzuri. Diriye akasema hati imeandikwa Hulugho, na askari wa vizuizini wanajua kusoma. Tena mama mkwe wake anakaa Hulugho na hajamwona tangu Idi. Nyuma ya gari alikuwa ameweka boksi la tende na kanga mpya mbili. Niliitazama njia ya Kotile mpaka vumbi letu likaifunika.

Vichaka, mchanga, kizuizi. Vichaka, mchanga, ngamia waliokataa kutoka barabarani, kizuizi. Kwenye kila kizuizi Diriye aliwaeleza askari kwamba mimi ndiye mtaalamu wa filamu. Kufikia cha mwisho nilikuwa nimeanza kuwapigia saluti.

Mpango wangu Hulugho ulikuwa rahisi: kuuliza watu wawili, kuambiwa hakuna, kulala. Lakini Diriye alikwishawapigia simu jamaa za mkewe. Tulikuta watu wanatungoja kwa chifu na mikebe yao. Mikebe ya maziwa ya unga, ya biskuti, ya mafuta ya kupikia, ya rangi. Kila mmoja alifungua wa kwake mbele yangu, akanitazama usoni. Mzee mmoja alikuwa ametoka malishoni kwa miguu na mkebe wenye kutu uliofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na misumari. Akasema alifikiri labda.

Nikamwambia ahsante, tumekaribia.

Wametupa maziwa ya ngamia, wali na nyama. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimekuja mbali hivi kwa kitu ambacho hakipo.

Alhamisi, 6 Novemba

Mzee wa meno alikuja asubuhi. Bwana Abdilatif alikuwa amepiga simu kweli. Nusu ya ukoo wa mama mkwe wa Diriye ilikuwa imeketi pale kunipa moyo, kwa hivyo sikuweza kusema kwamba nimepona. Nikafungua mdomo. Akayagonga meno yangu moja baada ya jingine, akafika kwenye moja ambalo hakulipenda.

Halipo tena. Kwa haki, lilikuwa na tundu.

Tulipokuwa tunaondoka, yule mzee wa misumari alileta beberu mdogo mweupe mwenye kichwa cheusi. Diriye akatafsiri: mgeni aliyefuata kitu akakikosa asirudi mikono mitupu. Nilijaribu kukataa. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba, na inaonekana sauti niliyotoa ilisikika kama shukrani.

Basi nikarudi Garissa na beberu, na mikebe mingi ambayo watu walisisitiza niichukue ikaangaliwe vizuri na wataalamu, na shavu kama andazi.

Juu ya meza ya Mueni palikuwa na mikebe mitatu. Mipana, bapa, ya duara, yenye kutu ukingoni. Sikuhitaji mtaalamu.

Alinieleza huku akinimiminia maji. Jana, mimi nilipokwisha kuondoka, alipita kwa Ayeyo Fatumo kumpa habari njema kwamba Hesbon amekwenda Hulugho kuleta mikebe. Ayeyo akashangaa. Akasema yeye alisema Kotile. Mueni akanipigia simu, haikupatikana. Hani naye ana gari, Probox ya kuletea maziwa, na Ayeyo kwa muda mrefu alikuwa akitamani kwenda kumwona ndugu yake Aweys. Leo alfajiri wakaenda wote watatu. Aweys alichinja. Mikebe ilikuwa chini ya kitanda chake, imefunikwa kwa ngozi. Walikuwa wamerudi kabla ya adhuhuri kupita sana.

Nikauliza, kwa pamba, Bwana Abdilatif amesemaje.

Mueni alikuwa amemwambia kwamba Hesbon hakusikia vizuri. Kwamba Ayeyo ana lafudhi nzito, na mtu wa Webuye anaweza kuchanganya Kotile na Hulugho. Bwana Abdilatif alikubali mara moja.

Kotile na Hulugho. Nimeyaandika hapa nikayalinganisha. Yanafanana kwa herufi *l* na *o*.

Mwenye nyumba yangu hataki mifugo. Beberu nimemfunga nyuma ya ukumbi wa jamii.

Ijumaa, 7 Novemba

Keinan amewasili. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Ni kijana mwembamba, mpole, anayevaa glavu nyeupe za pamba hata anapogusa mfuko wake. Alifungua mikebe mitatu mbele yetu polepole, kama mtu anayefungua jeraha. Harufu ya siki ikatoka. Mkanda wa kwanza na wa pili ilikuwa imegandana ikawa kama halua. Akaiweka kando. Wa tatu akaushika ncha, ukakunjuka. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa lenzi ndogo, akaketi chini.

Akasema ni wenyewe. Akauliza nani ameugundua. Mueni akanionyesha mimi. Nikatoa uso wa unyenyekevu, upande ambao haukuvimba. Picha ikapigwa upande uliovimba.

Baada ya sala ya Ijumaa tamasha lilifunguliwa. Mueni alieleza vizuri, kwa ufupi, bila karatasi. Lilinikera hilo. Mimi nilikaa mbele nimekunja miguu, nimejiwekea uso wa mtu aliyekwisha kuiona.

Filamu ya kwanza ilihusu fundi cherehani anayempenda binti wa mwenye duka la vitambaa. Haina sauti. Keinan alieleza kwamba sauti iliharibika kabisa, lakini picha iliokolewa kipande kwa kipande, mikwaruzo ikafutwa mmoja mmoja, kazi ya miaka. Nilidhani nitasinzia. Fundi anampima binti kwa ajili ya gauni la harusi ya mtu mwingine, na hathubutu kuinua macho. Akina mama waliokuwa wakitafuna simsim walikuwa wameacha kutafuna. Watu wale wamekufa zamani, duka limevunjwa, na bado nilitaka kumpigia fundi kelele amwangalie.

Taa zilipowashwa niligundua kwamba uso wangu wa kitaalamu ulikuwa umetoweka tangu mwanzo. Ikabidi nifidie. Nikaomba kipaza sauti, nikauliza ni nani aliyechagua rangi ya shati la fundi.

Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe.

Keinan akafikiri, akasema kwa upole kwamba hilo sasa hakuna ajuaye, na kwamba katika kazi yake hilo ndilo linalomsikitisha zaidi: mambo ambayo kila mtu aliyekuwepo aliyajua, na hakuna aliyeyasema. Watu wakaguna kwa kukubali. Bwana Abdilatif akanishika bega akasema lilikuwa swali zito.

Kesho ni filamu ya Kotile, ile nusu ya kwanza iliyokwisha kukarabatiwa. Kabla haijaanza nitaitwa jukwaani kama mgunduzi, nihutubie kidogo, kisha nikae kando ya Keinan. Hotuba iko tayari. Nimeifanyia mazoezi mbele ya beberu. Alisikiliza mpaka kwenye neno urithi.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike kwa utaratibu, maana siku ilikuwa ndefu.

Ukumbi ulifurika. Habari ilikuwa imeenea kwamba watu wa Kotile wataonekana, na watu wa Kotile wakaja. Mzee Aweys alikuja kwa lori na wajukuu. Ayeyo Fatumo aliketi safu ya mbele kati yake na Hani, amejifunga kichwani shash jipya la zambarau. Viti vilitosha. Hakuna aliyelitaja hilo.

Mueni alieleza filamu, kisha akaanza kunitambulisha. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Wakati huohuo fundi wa mitambo, kwa haraka yake, akabonyeza, na filamu ikaanza. Mueni akacheka akasema basi tumsikie Hesbon mwishoni. Nikaketi. Sawa. Mwishoni ni pazuri zaidi.

Vumbi kwenye skrini. Ng'ombe wengi wanakuja, pembe zao ndefu, na kila pembe ilikuwa safi, kali, kana kwamba imepigwa jana. Kisha wachungaji. Na hapo ukumbi ukaanza kuzungumza. Sauti kutoka nyuma ikataja jina. Nyingine ikataja jingine. Yule ni baba wa fulani. Ile ni ng'ombe ya akina fulani, ile yenye baka. Mzee Aweys akamwona kijana mwenye fimbo akipita mbio, akajigonga kifua. Alikuwa ni yeye. Nilimtupia Keinan jicho. Alikuwa ameacha kutazama filamu, anaandika majina yote haraka haraka gizani.

Kisha gari la sinema likaonekana, na mtu ameegemea mlango wake.

Ndipo mwanga ulipoingia.

Dirisha la kando karibu na skrini, lile linalotazama nyuma ya ukumbi, halina kioo. Lina nondo tu, na kitambaa nilichokitundika mimi. Kitambaa kilikuwa kinavutwa nje kwa mishtuko. Kati ya nondo nikaona masikio meusi. Kitambaa kikang'oka, jua la saa tisa likapiga skrini, na gari, na mlango, na mtu aliyeegemea, vyote vikafutika vikawa weupe mtupu.

Watu wakaguna. Ayeyo Fatumo alisimama. Alikuwa ameinyoosha shingo kuelekea ule weupe. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Ngoja. Ngoja kidogo."

Nilikwisha kufika dirishani bila kujua nimefikaje. Nikamnyang'anya beberu kitambaa. Nusu alikwisha kuila. Kilichobaki hakikufika kwenye misumari, kwa hivyo nikapanda juu ya benchi, nikakishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, nikapanua miguu kuziba chini. Giza likarudi. Kwa nyuma beberu akaanza kula koti langu.

Keinan akaenda kwa fundi wa mitambo. Filamu ikarudishwa nyuma.

Mimi nilikuwa nimeipa skrini mgongo. Sikuweza kugeuka, kila nikigeuka mwanga uliingia. Kwa hivyo sikumwona Alio. Nilimwona Ayeyo Fatumo akimwona. Mwanga wa filamu ulikuwa unacheza usoni kwake. Mwanzoni uso ulikuwa umekaza, kama wa mtu anayesoma kibao cha mbali. Kisha ukalegea wote kwa mara moja. Hani alimshika mkono, Ayeyo akautoa ule mkono, akautumia kujirekebishia shash, kwa haraka, kama mtu aliyekutwa hajajiandaa.

"Anakunywa maziwa," akamwambia Aweys. "Angalia. Hana kiu huyo, mwongo."

Aweys akacheka, na machozi yakimtoka.

Keinan alimuuliza Ayeyo kama angependa irudiwe tena. Akaitikia kwa kichwa. Wakarudia. Kisha wakarudia. Hakuna mtu ukumbini aliyelalamika. Mikono yangu ilikuwa inawaka moto mabegani, lakini naandika kweli tupu hapa kwamba wangerudia mpaka magharibi ningesimama vilevile.

Ilipoisha watu walimzunguka Ayeyo. Aliyeitwa jukwaani ni Mzee Aweys, akataja ng'ombe wote kwa majina yao. Walipokaribia kufika kwenye hotuba yangu, adhana ikaadhiniwa, ukumbi ukatoka.

Nikashuka kwenye benchi. Koti halina mkono mmoja.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani asubuhi. Nilimshukuru Mungu kwa jino lililobaki upande wa pili.

Mchana tumemchinja beberu kwa heshima ya mgeni. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza. Hani alipika. Keinan alikuwa amekwenda studio ya picha mjini, akamchapishia Ayeyo picha moja kutoka kwenye filamu: Alio, kibuyu cha maziwa mkononi, anacheka. Ayeyo aliishika muda mrefu.

"Mdomo imekuja," akaniambia. Nadhani aliniambia mimi kwa sababu ni mimi niliyeelezwa ile siku. Nilijifanya moshi umeniingia machoni, na moshi ulikuwa upande mwingine.

Keinan amechukua mkanda wa tatu kwenda kuukarabati. Akasema ndani yake kuna msichana wa Kotile anayekama ng'ombe na kuificha sura kila kamera ikimkaribia, isipokuwa mara moja. Ayeyo akasema hamjui msichana huyo. Wote wakacheka.

Kuhusu tamasha la ng'ambo, Keinan alisema filamu ikikamilika, anayestahili kualikwa ni Ayeyo Fatumo na Hani wa kumsaidia. Alinitazama kwa wasiwasi kidogo. Nikasema bila shaka, hata mimi ningependekeza hivyo. Nilimaanisha. Nilimaanisha karibu yote.

Tulipokuwa tunarudisha viti, Mueni na mimi peke yetu, nikaona afadhali niseme. Nikaanza kwamba lile jambo la Hulugho halikuwa hasa suala la lafudhi.

"Nilijua tangu Jumanne, Hesbon," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Ulikuwa unakoroga chai ya rangi isiyo na sukari. Unakoroga nini?"

Nikafikiri. Nikamuuliza kama alijua, kwa nini basi alimwambia mkurugenzi kwamba mikebe iko Hulugho.

Akapanga viti vinne kabla ya kujibu. "Ulisema iko Hulugho. Mimi ni nani nikubishie? Nikaona uende ukailete."

Nikamtazama. Hakucheka mpaka tulipofika mlangoni. Kisha alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi, ambaye nilipoteza jino, nikajikuta nacheka naye. Ni mtu mzuri Mueni. Nimeamua kwamba kuanzia leo hakuna hila tena. Nitafanya kazi yangu kwa uwazi na roho safi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata wazo.

Nimelipindua kila upande na halina kosa. Kinachompa mtu heshima si kutengeneza filamu. Filamu zinatengenezwa kila siku, nani anazijali? Heshima huja filamu ikipotea, kisha ikapatikana. Sasa, kwa nini nihangaike kutafuta zilizopotezwa na wengine?

Jana na leo nimepiga filamu yangu kwa simu. Inahusu ofisa mmoja wa utamaduni mjini Garissa, mtu asiyethaminiwa. Nimeigiza mwenyewe. Tukio la mwisho, ambapo anatazama daraja la Tana akiwa amevaa koti la mkono mmoja, hata mimi limenigusa. Nimeiweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu na nimeifuta mahali pengine pote, ili upotevu uwe wa kweli. Keinan ana jicho kali, angegundua.

Wengine huvumilia miaka hamsini. Mimi nimepanga ipatikane Februari, tamasha likipita tena kuelekea Wajir. Itapatikana kwa bahati, mbele ya watu, na ikiwezekana na Mueni, ili asiweze kubisha.

Kadi nimeificha leo jioni. Nimeificha vizuri sana. Si mahali ambapo mtu yeyote angefikiria.

Nimetoka kuitazama kama iko salama. Haipo pale nilipodhani. Nimeangalia kwenye gunia la mchele, nyuma ya kalenda, ndani ya soksi, juu ya dari. Nimeangalia tena kwenye mchele.

Sina wasiwasi. Hatua ya kwanza ya mpango imekamilika mapema kuliko nilivyotarajia.